Lewis Mumford: hakuwa na digrii, akawafundisha wenye digrii kuhusu mashine na miji

Barazani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna jina nimekuwa nikilichomekea kwenye nyuzi za watu kila mjadala wa foleni na barabara za juu unapowaka, na kila mara naulizwa pembeni huyo ni nani. Leo namleta mzima. Lewis Mumford, Mmarekani wa New York. Waliosoma mipango miji wamemkuta kwenye orodha ya vitabu, wengi wakampita. Wa historia ya teknolojia wanadai ni wa kwao. Wasanifu majengo nao wanamkumbuka kwa jinsi alivyowachapa magazetini. Mwenyewe hakumaliza shahada ya kitu chochote kati ya hivyo.

Msimamo wangu nauweka mapema tusizungushane. Kuhusu mashine na barabara, mzee alikuwa sahihi karibu kila mahali. Kuhusu watu wanaoukaa mji bila kushika kalamu ya kuuchora, nina ugomvi naye. Tutafika huko.

Alizaliwa Flushing, Queens, tarehe 19 Oktoba 1895. Mama yake, Elvina, alikuwa mtunza nyumba. Jina Mumford lilitoka kwa mwanamume ambaye mama aliwahi kuolewa naye na ndoa ikabatilishwa. Mtu huyo hakuwa baba wa mtoto. Baba mzazi alikuwa mfanyabiashara wa Kiyahudi aitwaye Lewis Mack, na Mumford hakuambiwa hilo mpaka 1942, akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ana mke, ana watoto, na picha yake imeshatoka kwenye jalada la jarida la Time.

Malezi ya mji aliyapata kwa babu yake wa kambo, Mjerumani aliyestaafu, zamani mkuu wa wahudumu katika mgahawa wa Delmonico's, pahala matajiri wa New York walipokwenda kujionyesha. Mzee yule alimchukua mtoto matembezini Manhattan karibu kila alasiri. Wakuu, mtoto wa mama anayelea peke yake, kila siku anapitishwa mitaa ya watu wa tabaka zote kwa miguu, tena na mtu anayejua jikoni kwa matajiri kunafananaje. Ukisoma anavyoeleza mtaa, unaona aliujua kwa nyayo kabla ya ramani.

Akasoma sekondari ya Stuyvesant akitaka kuwa mhandisi wa umeme. Alikuwa kijana wa kuchezea redio, na maandishi yake ya mwanzo kabisa yalitoka kwenye jarida la mafundi wa umeme. Akaingia City College masomo ya jioni. Daktari akashuku kifua kikuu, masomo yakakatika. Hapo ndipo alipopata kile ambacho sisi wa ajira hatupati: muda. Akawa anazunguka New York na daftari, anachora majengo, anapanda vivuko, anakaa maktaba.

Naendelea.

---

Kipanga Mweusi

Nimekaa mkao wa kula. Tiririka mkuu.

---

Barazani

Sasa Geddes, maana bila yeye hakuna Mumford.

Patrick Geddes alikuwa Mskoti, mwanabayolojia aliyehamia kwenye miji. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kufuata: kabla hujapanga mji, nenda ukauchunguze, watu wake, kazi zao, bonde lao, maji yao. Alikwenda India mwaka 1914, na katika miji mingi ya kule aliwashauri watawala wasibomoe mitaa ya zamani kwa nguvu na amri. Aliwaambia waondoe nyumba chache mbovu, wapande mti, wafungue kisima, basi.

Mumford alimsoma akiwa na miaka kama ishirini, akashikika. Wakaandikiana barua kwa miaka. Mwaka 1923 mzee akaja New York. Sasa angalia kilichotokea. Geddes alikuwa amempoteza mwanawe Alasdair vitani Ufaransa mwaka 1917. Alipokutana na Mumford alimshika mabega, machozi yakamtoka, akamwambia anafanana na marehemu mwanawe na kwamba atakuwa mwana wake. Mumford, ambaye hakuwahi kuwa na baba, akaganda. Hakuweza kuupokea mzigo ule. Geddes alitaka msaidizi wa kumpangia makaratasi yake ya maisha yote. Kijana alitaka kuandika vitabu vyake mwenyewe. Wakaachana kwa heshima na kwa maudhi kidogo.

Miaka miwili baadaye Mumford alipata mtoto wa kiume. Akamwita Geddes.

---

Mama Tausi

Mleta mada, kabla hujaenda mbali, usimsahau mkewe kama wanavyomsahau wote. Sophia Wittenberg alikuwa akifanya kazi kwenye jarida la The Dial, ndipo walipokutana. Wakaoana 1921. Baada ya hapo anasomeka kama mpishi na mpiga chapa wa mtu mkubwa. Na yule Catherine Bauer je?

---

Barazani

Dada Tausi umenitangulia, nilikuwa nakuja.

Catherine Bauer alikuwa msomi wa makazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 yeye na Mumford walikuwa na uhusiano wa kimapenzi ambao Mumford mwenyewe hakuuficha uzeeni. Barua kadhaa alizichapisha kitabuni mwaka 1979. Bauer ndiye aliyemsukuma atoke kwenye fasihi na majengo mazuri, aingie kwenye makazi ya wafanyakazi na siasa zake. Kitabu chake Bauer, Modern Housing, kilitoka 1934, mwaka uleule wa Technics and Civilization ya Mumford. Tofauti ni kwamba Bauer alikwenda Washington, akapigania sheria ya makazi ya 1937 mpaka ikapita. Mumford akabaki mezani kwake. Ukiniuliza nani kati yao alimpatia maskini paa, jibu lipo wazi.

Sophia aliishi mpaka 1997, miaka saba baada ya mumewe.

---

Fundi Ramani

Mimi nipo kwenye fani. Tuongelee Sunnyside maana ndiyo sehemu pekee Mumford aliweka mwili wake kwenye nadharia yake.

Mwaka 1923 yeye, Clarence Stein, Henry Wright na Benton MacKaye (huyu ndiye mwenye wazo la njia ya waenda kwa miguu ya milima ya Appalachia) waliunda kikundi kidogo cha mipango ya kikanda. Watu wachache sana, lakini walijenga. Sunnyside Gardens, Queens, ilijengwa kati ya 1924 na 1928. Nyumba za matofali, safu fupi, ghorofa mbili au tatu, hazina madoido. Siri iko nyuma: badala ya kila mtu kuzungushia ua wake, katikati ya kila kitalu kuna bustani moja ya wote. Watoto wanacheza pale, mama anawaona kupitia dirisha la jikoni. Mumford alihamia 1925 akakaa miaka kumi na moja. Hakuwa mtaalamu wa kwenda kutazama mradi na gari la ofisi kisha akarudi kwake kwenye geti.

Ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipowabana, wakazi wengi walishindwa kulipa mikopo, wakagoma kulipa, na wengi wakapoteza nyumba. Mchoro mzuri haukuwalinda na benki. Hilo kwenye vitabu vya chuo linapitwa mbio.

---

Barazani

Fundi, asante. Na lile la mwisho ndilo linalonifanya niamini kwamba Mumford alielewa nusu tu ya tatizo kipindi kile.

Twende kwenye kitabu cha 1934. Kwa wasio na muda, hoja moja tu: mashine iliyozaa zama za viwanda, anasema Mumford, siyo injini ya mvuke. Ni saa.

Fikiri. Injini ya mvuke inasukuma, inavuta, unaiona. Saa haitoi kitu cha kushika mkononi. Kinachotoka kiwandani kwake ni dakika na sekunde. Anaanzia kwenye monasteri za Wabenedikto, kengele zinazogonga kwa vipindi vya sala usiku na mchana, halafu anaipandisha saa kwenye minara ya miji ya Ulaya ya karne ya 14, ambako mfanyabiashara anaisikia na bosi wa karakana anaisikia. Mtu akaanza kula saa ya kula ikifika hata kama hana njaa. Watu mia wakaweza kuingia kazini kwa pamoja na kutoka kwa pamoja. Bila hilo, kiwanda hakiendi hata ukiwa na makaa ya mawe ya dunia nzima.

Ukimwelewa hapo umemwelewa maisha yake yote. Kwake teknolojia haianzi na chuma. Inaanza na namna watu walivyopangwa.

---

Mkaa Pwani

Assalaam alaykum. Mimi wa Unguja nina swali kwa huyo mzee wenu. Kama vipindi vya sala ndivyo vilivyozaa saa na saa ikazaa kiwanda, mbona Waislamu tunasali mara tano kwa vipindi tangu zamani hizo, na misikiti mikubwa ilikuwa na muwaqqit, mtaalamu wa kukokotoa nyakati? Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya, Damascus, karne hiyohiyo ya 14, bingwa wa falaki. Al-Jazari kabla yake, mwaka 1206, keshaandika kitabu kilichojaa saa za maji za ajabu. Kiwanda kiko wapi?

---

Barazani

Waalaykum salaam sheikh. Swali lako ni zuri kuliko mengi aliyoulizwa na maprofesa.

Jibu langu: nyakati za sala kwenu zimefungwa kwenye jua. Adhuhuri inasogea, magharibi inasogea, muwaqqit anakokotoa ili alifuate jua kwa usahihi zaidi. Saa ya mnara wa Ulaya ilikata siku vipande sawa, kiangazi na kipupwe, mawingu au mwanga, ikaacha jua lifanye yake. Mumford anachokilenga ni hicho kipande sawa kisichojali jua. Lakini nakubaliana nawe kwamba watawa peke yao hawatoshi. Anawapa uzito mkubwa mno, na ulimwengu wa Kiislamu anaupitia kwa haraka.

---

Mkaa Pwani

Hapo sawa. Maana hata sisi tunaoanza kuhesabu saa moja jua likishachomoza bado hatujaliacha jua kabisa.

---

Kipanga Mweusi

Nondo juu ya nondo. Huyu Mumford alikuwa anachukia mashine au?

---

Barazani

Hapana mkuu, na hapa ndipo wengi wanamkosea. Mwaka 1934 alikuwa na matumaini makubwa. Aligawa historia vipindi vitatu: zama za maji, upepo na mbao, zama za makaa na chuma, ambazo alizichukia kwa moshi wake na watoto wake wa migodini, kisha zama za umeme na metali nyepesi, ambazo aliamini ndiyo zinaanza. Umeme unasafiri kwenye waya, alisema, kwa hiyo kiwanda hakilazimiki kurundikana mji mmoja karibu na makaa. Watu watatawanyika kwenye miji midogo, safi, yenye bustani. Mwaka 1938 akatoa The Culture of Cities kwa roho hiyohiyo, na ndicho kilichompeleka jalada la Time mwezi Aprili.

Halafu vita.

Mumford alikuwa miongoni mwa wasomi wa mwanzo Marekani kusema Hitler lazima apigwe, wakati wenzake wengi wa mrengo wa kushoto walitaka nchi yao isijiingize. Alipoteza marafiki. Frank Lloyd Wright, msanifu aliyemsifia kwa miaka, walivunjana mwaka 1941 kwa sababu hiyo na hawakusemezana kwa miaka kadhaa. Akaandika vitabu viwili vya kuhimiza mapambano, wakati mwanawe Geddes yupo sekondari.

Geddes akaandikishwa jeshini. Septemba 1944 akauawa Italia. Miaka 19.

Mumford hakukana alichokiandika. Wala sijaona mahali alipojificha. Alikaa chini na kuandika kitabu kizima kuhusu kijana yule, Green Memories, kikatoka 1947, na hakumfanya malaika: mtoto mkaidi, mpenda bunduki na kuwinda, anayegombana na walimu. Kitabu ni kizito kusoma.

Chini ya mwaka mmoja baada ya msiba, bomu likaangushwa Hiroshima. Machi 1946 Mumford akachapisha makala aliyoipa kichwa cha kuwaambia wakubwa usoni kwamba wana wazimu. Hakumaanisha wanajeshi wa upande wa pili. Alimaanisha wa kwake. Mtu aliyetoa mwana kwa ajili ya vita ile alikuwa wa kwanzawanza kusema njia tulizotumia kuimaliza zitatumaliza sisi. Tangu hapo matumaini ya 1934 hayakurudi.

---

Mama Tausi

Nimekaa kimya kidogo. Mtu aliyemkimbia Geddes mzee kwa sababu ya machozi ya mwana, kisha yakamkuta yaleyale.

---

Jirani wa Thika Road

Wadau wa Bongo, hebu tuje kwa barabara. Sisi huku Nairobi tulipewa Thika Superhighway, kisha mwaka 2022 tukapewa Expressway ya kilomita 27 ya kulipia, juu kwa juu. Chini matatu bado zimekwama. Huyo jamaa angesema nini?

---

Barazani

Alishasema, na alisema mapema kuliko sisi sote.

Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000. Mumford akaandika kwamba tafsiri ya huruma kabisa ya kitendo kile ni kuamini kuwa wananchi na wabunge wao hawakujua wanachokifanya. Makala hiyo ni ya 1958, The Highway and the City. Hoja yake: haki ya kila mtu kufika kila jengo kwa gari lake binafsi, zama ambazo kila mtu ana gari, ni haki ya kuubomoa mji. Gari linataka nafasi likitembea na nafasi likilala. Ukiligawia zote mbili, umebakiwa na maegesho na barabara, na kile kilichokuwa kinawaleta watu mjini hakipo tena.

Angalia hakusema choma magari. Alisema kuna vyombo vya aina nyingi na kila kimoja kina umbali wake: miguu, baiskeli, basi, treni, gari. Ujinga ni kuua vingine vyote ubaki na kimoja.

Adui yake mjini New York alikuwa Robert Moses, yule mtawala wa madaraja na barabara ambaye hakuchaguliwa na mtu. Moses alitaka kupitisha barabara katikati ya bustani ya Washington Square. Akina mama wa mtaa ule wakagoma, Mumford akatia jina lake na kalamu yake nyuma yao, na mwishoni mwa miaka ya 1950 bustani ikafungwa kwa magari. Ukienda leo watu wanacheza chesi pale.

---

Fundi Ramani

Na kwenye pambano hilo alikuwa upande mmoja na Jane Jacobs. Simulia sasa ule ugomvi wako uliotuahidi.

---

Barazani

Haya, nimefika.

Jane Jacobs alikuwa mwandishi wa jarida la usanifu, mkazi wa Greenwich Village, naye hana digrii. Mwaka 1956 alizungumza Harvard mbele ya wataalamu, akawaambia wanapobomoa mtaa wanaua maduka, na duka la mtaani siyo duka tu, ni pahala watu wanajuana. Mumford alikuwepo ukumbini. Alifurahi, akamtia moyo aandike zaidi.

Akaandika. Kitabu chake cha 1961, The Death and Life of Great American Cities, kilimpiga kila mtu: Moses, msanifu Le Corbusier, na pia wale wa miji-bustani, Mumford akiwemo kwa jina. Alisema watu hawa wanaipenda miji kwenye karatasi, lakini mji halisi wenye kelele na msongamano hawaupendi.

Mumford alisubiri mwaka mzima kisha Desemba 1962 akajibu kwenye The New Yorker, jarida ambalo alikuwa na safu yake tangu 1931. Kichwa cha makala yake kilimwita Jacobs mama wa dawa za kienyeji za nyumbani. Ndani mna hoja nzuri. Aliuliza: kama mitaa yenye watu wengi na shughuli mchanganyiko inajilinda yenyewe, mbona London ya karne ya 18 ilikuwa navyo vyote na bado ilikuwa pango la wahalifu? Hilo Jacobs hakulijibu vizuri. Lakini kichwa kile wakuu, na kile kiburi cha mwanamume msomi anayemwambia mama arudi jikoni, hakiwezi kusameheka kwa kuwa makala ina hoja.

Na ugomvi wangu ni mzito kuliko adabu. Mumford alitumia nusu ya maisha yake akionya juu ya watu kupangwa kama vipuri. Akija mjini, bado anataka mpangaji mwenye busara akae juu na kuamua kwamba familia ngapi zinatosha, bustani ikae wapi, duka likae wapi. Busara ya yule mama muuza maandazi aliyejua apange meza kona ipi, hakuiona. Jacobs aliiona.

---

Fundi Ramani

Napinga kidogo. Mimi kila siku nakutana na matokeo ya kutopanga. Mtaa wenye uhai wote unaoutaka, maandazi, mabarazani, watu wanajuana. Nyumba ikishika moto gari la zimamoto halipiti. Mtu anazidiwa usiku, anabebwa kwenye toroli mpaka barabarani. Jacobs aliandika kuhusu mtaa ambao tayari una maji taka chini ya lami na barabara zilizopimwa. Sisi hatuna. Mumford na Geddes wangekuja Manzese wangeanza na mfereji na njia ya mita nne, na wangepatia.

---

Barazani

Geddes, nakubali. Mumford sina hakika angeishia kwenye mfereji.

---

Ndugu Nyundo

Mnabishana majengo, mimi nataka ile ya mapiramidi. Nilisikia ana nadharia kwamba mashine ya kwanza duniani ilikuwa watu.

---

Barazani

Ndiyo kilele chake. Vitabu viwili vya The Myth of the Machine, 1967 na 1970.

Anauliza: Wamisri waliwezaje kujenga piramidi la Khufu, urefu wa mita 146 lilipokuwa jipya, kwa vipimo vya usahihi ule, bila gurudumu la kuinulia, bila chuma? Jibu lake ni kwamba walikuwa na mashine, sisi tu hatuioni kwa sababu vipuri vyake vilikuwa nyama na mifupa na vimeshaoza. Mfalme wa kiungu juu, makuhani wa kujua nyota, makarani wa kuandika nani yuko wapi na amekula nini, wasimamizi, magenge. Kila mtu kazi moja. Amri ikitoka juu inafika chini bila kubadilika. Injini na umeme vilikuja maelfu ya miaka baadaye kuchukua nafasi ya watu ndani ya umbo ambalo lilikuwepo tayari. Kisha anasema umbo lile lilirudi kwa nguvu zote kwenye mradi wa bomu la atomiki: siri, makarani, maelfu ya watu wasiojua wanatengeneza nini.

---

Ndugu Nyundo

Lakini akiolojia imeshamkosoa. Ile idadi ya wajenzi laki moja ni ya Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, na kijiji cha wajenzi kilichofukuliwa Giza kinaonyesha watu wachache zaidi, wanaokula mkate na nyama ya ng'ombe, na mafundi waliozikwa kwa heshima karibu na piramidi. Hawakuwa watumwa wa mijeledi.

---

Barazani

Kweli kabisa, na idadi yake imepitwa na wakati. Ila nadharia haisimami juu ya mijeledi, inasimama juu ya karani. Na hapo bahati ilimwangukia akiwa kaburini. Mwaka 2013 Wafaransa walifukua mafunjo huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yaliyo ya zamani kuliko mafunjo yote yenye maandishi tunayoyajua. Miongoni mwake kuna shajara ya kazi ya msimamizi mmoja, Merer, wa zama za Khufu mwenyewe. Siku hadi siku: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala mahali fulani, leo tumefika Giza. Kuna na hesabu za chakula. Miaka elfu nne na mia tano iliyopita mtu anajaza kitabu cha mahudhurio! Mumford angeyaona angelala na tabasamu.

---

Kipanga Mweusi

Sasa haya yote yanatuhusu nini sisi wa simu janja?

---

Barazani

Mkuu, mwaka 1963 alitoa hotuba New York kuhusu teknolojia za aina mbili, ya kimabavu na ya kidemokrasia. Akauliza kwa nini watu huru wanakubali mfumo mkubwa unaowatawala. Jibu: kwa sababu unatoa rushwa tamu. Chakula, nyumba, usafiri wa haraka, burudani, habari, kila mtu atapata, kwa sharti moja: usiombe kitu ambacho mfumo hautoi, na usikatae unachopewa. Mwenye laini yenye mkopo wa dakika mbili, aliyeruhusu programu isome namba zote za kwenye simu yake, aisome sentensi hiyo mara mbili.

Alikuwa mkaidi mpaka mwisho. Julai 1969 watu walipokanyaga mwezini, dunia nzima inapiga makofi, yeye hakupiga. Vietnam aliipinga hadharani tangu 1965, mwaka mmoja tu baada ya kupewa nishani ya juu ya raia na serikali ileile. Akafa nyumbani kwake Amenia, kijijini, tarehe 26 Januari 1990.

---

Jirani wa Thika Road

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kuna uhusiano wowote na huku kwetu, ama ni story za majuu tu?

---

Fundi Ramani

Upo, na si wa kujisifia wote. Ernst May, msanifu aliyejenga vitongoji vya Frankfurt ambavyo Mumford alivisifia sana kwenye kitabu cha 1938, alikimbilia Tanganyika mwaka 1934. Akawa mkulima karibu na Arusha, kisha msanifu Nairobi, akachora upanuzi wa Kampala miaka ya 1940, akaondoka mwishoni mwa 1953.

La pili ni chungu. Lile wazo la kitongoji kinachojitosheleza, shule katikati, barabara kubwa zikipita pembeni, wazo ambalo marafiki wa Mumford walilijaribu Radburn, New Jersey, mwaka 1929, ndilo lililotumika kwenye ramani kuu ya Nairobi ya 1948. Ramani yenyewe inajitaja kuwa ya mji mkuu wa kikoloni. Kitongoji kikasaidia kuweka kila rangi ya mtu pahala pake. Wazo la ujirani likawa uzio.

Na Dodoma: uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, ramani ya 1976 ya kampuni ya Toronto, iliyotaka waenda kwa miguu na mabasi kwanza, gari baadaye. Nendeni leo mkaone kilichobaki.

---

Jirani wa Thika Road

Kumbe. Eastlands yote, mitaa ya mashariki ya Nairobi, nimeielewa upya. Nianze na kitabu kipi?

---

Barazani

Anza na makala ya barabara, ni fupi na utacheka. Kisha sura ya kwanza ya Technics and Civilization, ile ya saa. The City in History ya 1961 ilichukua tuzo ya taifa ya vitabu Marekani, lakini ni tofali. Soma sura za miji ya Wagiriki na ile ya vitongoji vya pembeni mwa mji, nyingine utarudia ukistaafu. Cha 1970 kiache kwanza, pale amekasirika na anajirudia. Na ukimaliza msome Jacobs hapohapo, kabla hujaanza kumwamini mmoja wao.

Suala la Dodoma linataka uzi wake, na Fundi Ramani ndiye wa kuufungua. Mods, ukija msiuunganishe na huu.